Rantang ya Mlango wa Ubavuni

Siku ya kwanza Partinah alidhani ni paka.

Alikuwa ameiacha rantang yake, zile bakuli tatu za bati zinazopandana na kubebwa kwa mshikio mmoja, juu ya meza ya chumba cha kufukizia vinyoya, ile mipira ya manyoya ya badminton, kama alivyofanya kila siku kwa miaka kumi na tisa. Aliporudi kutoka kuswali adhuhuri, meza ilikuwa tupu. Akaikuta mwisho kabisa wa ukumbi, chini, mbele ya mlango wa ubavuni, mlango ambao kufuli lake lilishika kutu tangu yeye hajaajiriwa. Chakula hakikumwagika. Kilikuwa kimeliwa chote, wali, tempe ya soya iliyokaangwa na mboga za tui, kisha bakuli zikaoshwa na kupangwa upya, na matone ya maji yalikuwa bado yanateleza ubavuni.

Paka haoshi vyombo.

"Nitafutie huyo paka, Dada Nah," alisema Pak Gondo, msimamizi wa ukumbi, alipoambiwa. "Nimpeleke nyumbani akamfundishe kazi mke wangu." Akacheka peke yake. Siku ya pili rantang ilipokutwa palepale, safi vilevile, alitabasamu tu. Siku ya tatu alifunga ofisi mapema akaenda zake.

Siku hiyo ya tatu ndipo harufu nayo ilipokuja. Mpira wa vinyoya hautaki upepo hata kidogo, kwa hiyo madirisha ya Krida, ndivyo ukumbi ulivyoitwa, yalipakwa rangi nyeusi na milango ilifungwa saa zote. Harufu ikiingia humo haina pa kutokea. Kwanza ilikuwa harufu ya rangi mbichi ya mafuta, ingawa hakuna aliyeshika brashi mle kwa miaka sita. Nyuma ya rangi ikaja sigara ya karafuu, na nyuma ya sigara wakaja watu: jasho, nguo zilizolowa na kukaukia mwilini, pumzi za wengi waliolala wakibanana. Ukumbini walikuwamo wachezaji wanne tu. Mmoja wao, mwalimu wa shule, akaacha mchezo katikati na kuirudisha raketi yake mfukoni.

"Nani anakohoa?" aliuliza. Wenzake wakamtazama. "Nyie hamsikii? Huko kwenye viti. Wanakohoa wengi."

Hakurudi tena, na wiki hiyohiyo klabu yake yote ikamfuata.

Partinah alisikia vizuri tu. Alikuwa amesimama juu ya chungu cha maji ya moto akivishika vinyoya mvukeni ili visikatike upesi, na mkono wake ukabaki mvukeni mpaka ukaungua. Lakini hakukimbia. Katika mji ule mzima pengine yeye tu ndiye aliyekuwa na sababu ya kutokukimbia.

Kwenye ukuta wa mlango mkuu kulikuwa na kibao cha marumaru chenye historia ya Krida. Ulijengwa mwaka wa hamsini na tatu kwa michango ya wenye maduka na akina mama wa sokoni, mtaa mmoja nyuma ya msikiti mkuu. Humo walipigana mabondia kutoka Manila, humo waliozwa watoto wa matajiri, humo alifunzwa yule bingwa aliyerudi na kombe akapitishwa mjini juu ya gari la wazi lililojaa maua. Mafuriko yalipokuja, nusu ya mji ililala juu ya viti vyake. Kibao hicho hakikusema uongo. Kiliruka tu. Kutoka mwaka wa sitini na nne kilikwenda moja kwa moja hadi sitini na saba, na watu waliopita hapo kila siku waliruka pamoja nacho, tena kwa hiari yao, na wakawafundisha watoto wao kuruka.

Katika miaka hiyo iliyorukwa ndimo alimokuwa Ngadiran, baba yake Partinah. Alikuwa fundi wa rangi. Mistari myeupe ya viwanja vitatu vya Krida aliichora yeye, akitambaa kwa magoti na uzi wa chaki, na watu walisema hata ukipima kwa rula huipati kasoro. Alichora mabango ya sabuni, ya sinema, ya yeyote aliyemwita. Siku moja alichora bango la chama ambacho mwaka uliofuata jina lake tu lilitosha kumpoteza mtu. Mwishoni mwa sitini na tano, mvua zikiwa zimekolea, walikuja wenye bunduki wakamchukua na brashi yake mkononi, wakaenda kumlaza juu ya mistari yake mwenyewe, yeye na wanaume mia tatu.

Partinah alikuwa na miaka saba. Alishika kanga ya mama yake, Kasirah, kwenye foleni ya wanawake mbele ya mlango wa ubavuni, kila mmoja na rantang yake. Hakuna aliyewafundisha utaratibu, waliujua tu. Saa tano mlinzi anapokea. Alasiri anairudisha. Ikirudi tupu, yupo. Ikirudi na chakula chake, usimuulize mtu, geuka uende nyumbani ukalie huko. Nyuma ya Kasirah alisimama Sarmi, bibi harusi wa miezi minne, aliyekuwa bado na hina kwenye kucha. Na kila siku, foleni ikisogea, sauti ya Ngadiran ilitoka kule ndani:

"Sirah! Rudi nyumbani, mvua inakuja!"

Hata jua likiwaka. Wanawake walicheka wakilia. Siku hamsini na moja alipiga kelele hiyo, na ndivyo Kasirah alivyojua kwamba mumewe bado ana nguvu.

Siku ya hamsini na mbili mlango ulikuwa wazi. Sakafu ilikuwa imeoshwa kwa maji mengi na hapakuwa na mtu. Rantang aliyoiacha jana yake na mlinzi hakuirudisha alasiri, ile ya enameli ya kijani yenye maua, ambayo Ngadiran aliiandika jina la mkewe chini yake kwa rangi nyeupe, hakupewa. Haikurudi tupu, haikurudi imejaa. Haikurudi.

Basi Kasirah akawa si mke wala si mjane. Kwao maiti huhesabiwa siku: ya tatu, ya saba, arobaini, mia, mpaka elfu, na kila hesabu ina kisomo chake na chakula chake. Lakini utahesabu kuanzia lini? Majirani walimshauri achague siku yoyote, Mungu ataelewa. "Kwani mimi ndiye nimuue?" aliwajibu, na hawakumshauri tena. Partinah alipokua akapata kazi Krida, Kasirah hakumzuia. Kila jioni alimuuliza neno moja tu, akimwita Nduk, yaani binti yangu.

"Kuna kitu mlangoni, Nduk?"

"Hakuna, Mama."

Miaka kumi na tisa, kila jioni. Sasa Kasirah alikuwa na miaka sabini na moja, na tangu mfungo ulipokwisha alikuwa ameacha kula. Hakuugua kitu chenye jina. Alilala kitandani ameelekeza uso ukutani, na uji ulimtoka pembeni mwa mdomo. Na Krida nayo ilikuwa imeshauzwa. Baada ya miezi miwili ingevunjwa lijengwe duka kubwa la ghorofa tano. Partinah alimficha mama yake habari hiyo. Alimficha pia habari za rantang.

Siku ya nne aliyoikuta mlangoni haikuwa rantang yake ya bati. Ilikuwa ya enameli, ya kijani, maua yake yamebanduka upande mmoja. Akaigeuza. Herufi nyeupe chini yake zilikuwa bado zinanata, na zikamwachia alama kwenye kidole.

Aliifunga kwenye mtandio akatembea nayo nyumbani.

"Kuna kitu mlangoni?" aliuliza Kasirah bila kugeuka.

Partinah alikuwa na nafasi ya kusema hakuna. Angesema, mengi yasingetokea. Lakini alimtazama mama yake mgongoni, mifupa ikionekana moja moja chini ya blauzi, akashindwa. Akamwekea rantang kitandani.

Kasirah aliipapasa kwa muda mrefu. Aliinua kifuniko.

"Tupu," alisema.

"Tupu, Mama."

"Basi yupo." Akakaa kitako, peke yake, bila kushikwa. "Washa jiko, Nduk. Unaniangalia nini? Yule mtu hapendi tempe iliyolala."

Aliomba wali, naye akala sahani nzima.

Siku kumi na moja Kasirah alipika kabla ya jua kutoka, na siku kumi na moja Partinah alibeba chakula, akakiweka mbele ya mlango wa ubavuni, akakuta bakuli zimeoshwa. Mama yake akanenepa mashavu. Akaanza kusuka nywele. Akamtania kwamba anatembea kama kobe, baba yake atakula saa ngapi? Partinah alijua vizuri kwamba anafanya jambo baya, na kila asubuhi alisema kesho ndiyo mwisho. Lakini nani angeweza? Alikuwa hajamwona mama yake akicheka tangu akiwa na miaka saba.

Siku ya kumi na mbili aliamua kumwona anayekula. Ilikuwa saa sita na nusu mchana na umeme ulikuwa umekatika mtaa mzima. Aliweka rantang, akakaa kwenye kiti cha mstari wa kwanza, akapiga moyo konde. Nje kulikuwa na jua kali na honi za pikipiki, lakini mle ndani, kwa yale madirisha meusi, ungedhani umefungiwa sandukuni. Kwanza hakusikia kitu. Kisha akasikia mtu mmoja anakohoa, na mwingine akamjibu upande wa pili, na halafu wengi, kikohozi kile cha kifuani cha watu waliolala sakafuni wakati wa mvua, kikizunguka viti vyote mpaka nyuma ya shingo yake, na harufu ya rangi mbichi ikapanda ikamjaa kooni, na mistari ya viwanja, ile iliyofifia hata wachezaji walikuwa wakigombania mpira umetoka au haukutoka, ikaanza kung'aa gizani mmoja baada ya mwingine, myeupe, mibichi, imenyooka bila kasoro, na juu ya mistari hiyo hapakuwa na mtu ila vinyoya vilivyoachwa sakafuni vilikuwa vinasogea vyenyewe pembeni, kidogo kidogo, kama vinapisha miguu, na ndipo karatasi ikafunuliwa mahali fulani na sauti kavu ya mtu mwenye haraka ikaanza kusoma majina, jina la mtu na la baba yake, na kila jina likaitikiwa "Nipo", huku "Nipo", kule "Nipo", moja likiwa karibu hivi hata akasikia pumzi yake sikioni, mpaka sauti ile ikasema:

"Ngadiran bin Kartosemito."

"Nipo."

Ilitoka mlango wa ubavuni. Ilikuwa sauti ya baba yake. Miaka arobaini alikuwa akihofia amekwisha kuisahau.

"Nduk," sauti ikasema, polepole, kwa upole mwingi. "Umekuwa mkubwa."

Partinah akateleza kutoka kitini, akajishika sakafuni kwa viganja.

"Kesho usilete wewe. Alete mama yako. Mwambie aingie ndani. Mlango utakuwa wazi."

Umeme ukarudi. Rantang ilikuwa tupu. Partinah akajikuta anatembea kwa magoti kuelekea mlango mkuu, na aliponyanyua viganja vyake vilikuwa vyeupe kwa rangi.

Pak Gondo, ambaye sasa hakutania tena mtu, alikuwa amekwisha kumwita Kiai Zamroni. Kiai huyo, yaani shehe wa kwao, alikuwa mzee mfupi, mwenye mafua ya daima, aliyejulikana kwa kuwatoa majini bila kelele na bila kutaka sifa. Aliswali alasiri katikati ya uwanja wa pili, akakaa kimya, kisha akazunguka ukumbi akivuta kamasi. Mwishoni akamwita Partinah pembeni.

"Wamo," alisema kwa sauti ya chini. "Ukumbi huu ulijaa vilio karibu miezi miwili. Majini hupenda mahali kama hapa. Wamesikia kila kitu kilichosemwa humu, kila jina, kila sauti, na wamehifadhi. Wengi wamelala. Mmoja ameamka, amekaa pale mlangoni kama mtu na kwake. Nilimwambia atoke. Akaniambia, nitatokaje, mimi nahudumiwa." Akamtazama. "Nani anamhudumia, mwanangu?"

Partinah akalia. Akamweleza yote, mpaka la siku ile.

"Yule si baba yako," alisema Kiai.

"Ana sauti yake."

"Ana sauti yake. Roho ya baba yako iko kwa Mola wake, haina haja na tempe. Huyu amempata mwanamke anayengoja, na anashiba kwa kungojwa. Sasa anamtaka mwenyewe. Akiingia mlango ule, hutamtoa."

"Nitaacha kuleta chakula. Leo hii naacha."

"Mama yako ataacha?"

Partinah akajifuta machozi, rangi nyeupe ikabaki shavuni.

"Mimi naweza kusoma mpaka asubuhi," alisema Kiai, akapenga kamasi kwa taratibu. "Lakini mpikaji ndiye mwenye nia. Kesho aje na chakula, akiweke pale, aseme ni sadaka kwa ajili ya marehemu Ngadiran. Marehemu. Chakula kilichotajwa hivyo jini hakigusi, na anayekaa kwa jina la mtu hana tena jina la kukalia. Lazima aseme yeye. Wewe ukisema ni maneno tu."

Usiku ule Partinah hakusema. Alisema alfajiri, jikoni, mama yake akikata maharage mabichi. Kasirah alimsikiliza mpaka mwisho. Kisu hakikusimama.

"Kwa hiyo wewe na huyo kiai mmekaa kitako mkaamua mume wangu amekufa."

"Mama, ni jini."

"Jini linajua jina langu?"

"Limesikia. Lilikuwa humo."

"Na mimi nilikuwa nje," alisema Kasirah. "Jini lilikuwa naye ndani, mimi nikawa nje. Nisipoingia leo, nitaingia lini? Watakapovunja?" Partinah akashtuka. "Unadhani sijui? Soko zima linajua. Leta ile enameli."

Alivaa kebaya yake ya arusi, blauzi ile ya kutariziwa. Ilimpwaya. Njiani alikataa kushikwa mkono, na akina mama wa sokoni waliomjua walimpisha bila neno.

Saa tano walikuwa mbele ya mlango wa ubavuni, kwa nje, palepale pa foleni. Kiai alisimama hatua tatu nyuma akisoma kimoyomoyo. Pak Gondo alikuwa na funguo ambazo hakuzihitaji. Kufuli lililoshika kutu lilikuwa chini. Mlango ulikuwa wazi kiasi cha kiganja, na ndani yake kulikuwa na giza na harufu ya rangi.

Kasirah aliweka rantang kizingitini.

"Sirah," ikaita sauti.

Ewe msomaji, nywele zilimsimama hata Pak Gondo ambaye hakumjua marehemu. Kasirah yeye alicheka, kicheko kifupi cha msichana, akaziba mdomo kwa mkono.

"Umechelewa," alisema.

"Nimekungoja. Ingia."

"Nimezeeka, Ngadiran. Utanicheka."

"Ingia, Sirah. Kuna baridi huku peke yangu. Sukuma mlango uingie."

Kasirah akaweka mkono juu ya ubao. Partinah akamdaka kiuno, akahisi mama yake ana nguvu za mtu wa miaka thelathini, miguu ikaanza kumteleza, akapiga kelele kumwita Kiai, na Kiai akapaza kisomo, na sauti kule ndani ikawa tamu zaidi, ikisema ingia, ingia mke wangu, ingia upumzike.

Kisha nguvu zikamtoka Kasirah mara moja. Aliuondoa mkono mlangoni. Akautazama ule mwanya wa giza kwa muda, uso wake ukabadilika, Partinah akaona kwa macho yake mtu anavyofiwa.

"Mume wangu," alisema Kasirah polepole, "siku hamsini na moja nilisimama hapa. Alikuwa na njaa, alikuwa na baridi, alikuwa anapigwa. Hakuniambia niingie hata siku moja. Aliniambia nirudi nyumbani."

Ndani pakawa kimya. Hata kikohozi kilikoma.

"Aliniambia nirudi nyumbani," alirudia, na sasa alikuwa analia kwa sauti, machozi ya miaka arobaini yanamwagika juu ya kebaya. "Ee Mungu wangu. Amekufa. Chakula hiki ni sadaka kwa ajili ya marehemu. Marehemu Ngadiran. Marehemu mume wangu."

Rantang ikasukumwa nje. Ilitoka taratibu, ikikwaruza saruji, ikasimama kwenye vidole vya miguu yake. Kiai akainama akafungua kifuniko. Wali ulikuwa haujaguswa na bado unatoa moshi. Mlango ukajifunga wenyewe.

"Ameondoka," alisema Kiai. "Huyu ameondoka."

Kasirah alijifuta uso kwa ncha ya mtandio. "Leo siku gani?" aliuliza.

"Jumanne ya Kliwon, Mama," alisema Partinah, kwa hesabu ya kale ya siku za soko.

"Basi tutahesabu kuanzia leo."

Walisoma hitma ya siku ya tatu, wakasoma ya saba, na nyumba ilijaa hadi uani. Watu waliokuwa wameruka pamoja na kile kibao walikuja na sukari na mchele, wakakaa kwenye mkeka, wakalitaja jina la Ngadiran bila kutazama nyuma. Siku ya saba Sarmi naye alikuja. Hakuolewa tena. Alikaa pembeni, mwembamba, nywele nyeupe zote, na watu walipotawanyika alimsogelea Partinah akamshika kidole.

"Nduk," alinong'ona, "pale mlangoni, uliona rantang nyingine? Yangu ilikuwa ya buluu."

"Sikuona, mama mdogo. Na hata ukiiona, usiishike."

Sarmi aliitikia kwa kichwa, kwa adabu.

Kasirah hakufika siku ya arobaini. Alikuwa amengoja miaka arobaini, akawa mjane kwa siku thelathini na nane tu. Alifariki mchana, akiwa amelala chali, uso kwa watu. Partinah alimzika, akaendelea na hesabu ya baba, akaanza hesabu ya mama, na kwa muda alikuwa akikosea hii na ile.

Wiki ya mwisho ya Krida alikwenda kuchukua chungu chake. Mabati ya uzio yalikuwa yamekwisha kuwekwa na mashine ya njano imeegeshwa mbele ya kile kibao. Alizunguka kwa ubavuni kukwepa matofali, na kwenye mlango ule akamkuta Sarmi. Alikuwa amevaa vizuri. Nywele zilichanwa, na kucha zake, vidole kumi vyote, zilikuwa na hina mbichi. Mikononi alikumbatia rantang ya buluu.

"Tupu!" alisema Sarmi, macho yanang'aa. "Nduk, tazama! Imerudi tupu. Wiki nzima sasa. Yupo!"

Mlango ulikuwa wazi kiasi cha kiganja. Harufu ya rangi mbichi ilitoka.

"Mama mdogo." Partinah alimshika mkono wa blauzi. Alijikaza asipige kelele, maana aliona mwenzake yuko ukingoni. "Kwanza niambie. Kule ndani, mumeo anakwambia nini? Anakwambia urudi nyumbani?"

Sarmi akamshangaa.

"Kwa nini aniambie nirudi nyumbani? Tulikaa miezi minne tu. Anasema niingie."

Tone la kwanza likaanguka juu ya bati, kisha la pili. Partinah akamvuta. "Turudi nyumbani, mama mdogo. Tafadhali. Mvua inakuja."

Sarmi alivibandua vidole vya Partinah kimoja kimoja, kwa upole, kama mtu anayemwachisha mtoto kanga. Hakuwa na hasira.

"Wewe wako umeshamhesabia siku," alisema. "Niachie wangu."

Aliingia kwa ubavu, kwa kuwa alikuwa mwembamba, na mlango haukuhitaji kufunguka zaidi. Ukafungwa. Partinah aliupiga kwa ngumi, kwa mabega, aliita wafanyakazi wa mashine, nao walikuwa wanakuja mbio na nyundo wakati mle ndani karatasi ilipofunuliwa na sauti ile kavu ikaanza kusoma. Alisikia majina mengi. Mwisho wa orodha likasomwa jina la Sarmi, jina lake na la baba yake.

"Nipo," aliitika Sarmi, na sauti yake ilikuwa imejaa furaha.